Mama anatumia kiti mwendo, tunakaa Kigogo bondeni, Dar. Nimfungashie nini?

Kijana wa Kigogo: Wakuu, habari za jioni. Masika yaliyopita maji yaliingia usiku. Nikambeba mama mgongoni, dawa za presha na mipira yake ya mkojo vikabaki chini ya kitanda. Siku tatu kwa shangazi Mabibo tulihangaika. Safari hii nataka begi liwe tayari. Nianzie wapi?

Dada wa Magurudumu: Pole mdogo wangu. Natumia kiti tangu 2011. Begi langu linaning'inia nyuma ya kiti, si kabatini, na halizidi kilo nne. Likizidi, kiti kinapinduka ukipanda kizingiti (nimeanguka, najua). Ndani: mipira ya mkojo ya wiki nzima, glavu, pedi za watu wazima, dawa na cheti chake, tyubu ya spea, pampu ndogo, spana. Filimbi naivaa shingoni. Dawa badilisha kila mwezi, zisije zikaisha muda humo humo.

Jirani wa Zamani: Ongeza shuka zito. Watu wawili wanambeba nalo vizuri kuliko mgongoni. Na 114 ya Zimamoto iandike kwenye karatasi, simu huzima.

Kijana wa Kigogo: Shuka sikuliwaza kabisa! Dada, na ule mto wa kukalia? Unajaza begi lote.

Dada wa Magurudumu: Mto usiuache hata kama begi limebaki. Ufunge kamba, uuvae wewe. Akishinda sakafuni bila mto siku moja tu, anaweza kupata kidonda cha kukalia, na hicho utakiuguza miezi.