MIEZI MITANO NAPIGWA KALENDA: Gari jipya, injini imekufa ndani ya waranti, muuzaji hana habari

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "gari gani zuri kwa mtaji huu". Mimi nilishanunua, ndiyo maana naandika.

Jina la kampuni sitalitaja. Wapo hapa hapa Mwanza, wana jengo la vioo na kahawa ya bure, na nina hakika kuna mtu wao anapita humu. Watajijua.

Kwa wenye haraka: pikapu mpya, nimeitoa dukani Novemba 2024. Waranti miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Injini imekufa tarehe 8 Septemba 2025 ikiwa na kilomita 31,400. Leo ni Februari 2026 na gari bado liko kwao. Wa kushuka kituo hiki washuke, wanaobaki tusogee.

Mimi nasambaza vyakula na dawa za kuku. Mzigo nauchukua Mwanza, naupeleka Sengerema, Nyehunge, mpaka Katoro. Mnaoijua njia hiyo mnajua zamani hesabu yote ilikuwa ni kivuko. Unafika Kigongo saa mbili asubuhi, foleni imefika huku, unavuka saa tano ukiwa na bahati. Na kama umebeba chanjo ya kideri kwenye boksi la barafu, unakaa kwenye foleni unaangalia maji yanavyochuruzika chini ya boksi, kila tone ni kuku wa mtu. Daraja lilipokaribia kuisha nikapiga hesabu zangu: nikiwa na gari langu, mzigo wa asubuhi unashuka Sengerema kabla ya adhuhuri na mchana narudi kuchukua mwingine. Nikaweka kiwanja cha Kisesa dhamana, benki wakanipa.

Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa Juni 19, 2025. Nimelifaidi siku 81. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, kalenda ambayo, kejeli ya dunia, walinipa wao wenyewe siku nachukua gari.

Ilikuwa hivi. Narudi mtupu kutoka Sengerema, nimeshapita Kigongo, nakaribia Usagara. Taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima. Nikasema labda ni tuta. Ikawaka tena, na kabla sijatoa mguu kwenye mafuta nikasikia ko-ko-ko kutoka chini, kama mtu anagonga mlango wa bati kwa funguo. Nikazima hapo hapo, nikaliacha liserereke hadi pembeni. Sikuliwasha tena, na hilo naomba mlishike kwa sababu baadaye watajaribu kusema niliendelea kuliendesha. Nilipiga picha ya dashibodi, nikaita brekidauni, gari likaenda kwao moja kwa moja, halikupita gereji yoyote ya mtaani.

Kesho yake fundi wao (huyu ni muungwana, lawama zangu hazimhusu) akafungua nati ya kumwagia oili mbele yangu. Akaitega kwenye kitambaa cheupe. Wakuu, oili ilipopita kilichobaki juu ya kitambaa kilikuwa kinameremeta kama wanja wa bibi harusi. Akachukua kidogo akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanionyesha. "Bosi, hizi ni beringi za kranki. Pampu ya oili ilikuwa haisukumi." Ilimchukua dakika kumi kujua tatizo. Kampuni yake imechukua mwezi mzima kukubali.

Kwanza walitaka kitabu cha sevisi. Nikawapa: elfu kumi, elfu ishirini, elfu thelathini, mihuri yote mitatu ni ya kwao, sevisi ya mwisho ina kilomita 1,400 tu. Wakahamia kwenye mafuta: eti huenda nimeweka dizeli chafu. Nina risiti? Hapa waliingia choo cha kike. Mtu wa biashara akikosa risiti za EFD TRA wanamtoa roho, kwa hiyo mimi nina bahasha ya kaki imejaa, kila lita niliyoweka tangu siku ya kwanza. Nikaimwaga juu ya kaunta yao. Bado wakachukua sampuli ya dizeli wakaipeleka Dar, wiki tatu. Sasa mnisaidie mafundi wa humu: dizeli inapita kwenye nozeli, oili ina njia yake na pampu yake. Dizeli chafu inaiuaje pampu ya oili kabla haijaziua nozeli? Nilimuuliza meneja swali hilo akaniambia "ni utaratibu".

Tarehe 10 Oktoba wakakubali kwa barua. Injini nzima itabadilishwa, gharama zote za kwao. Nilifurahi jamani. Nilimpigia hadi mama mmoja wa Nyehunge mwenye kuku elfu moja na mia mbili nikamwambia mama yangu vumilia, wiki sita nakuletea mwenyewe.

Wiki sita ndiyo walizosema. Baada ya hapo ni kalenda tupu. Imeagizwa. Iko melini. Meli imechelewa. Iko bandarini Dar, inatolewa. Inapakiwa wiki hii. Sikukuu zimeingia, ofisi ya Dar imefunga. Kijana wa huduma kwa wateja ana sentensi moja, "kaka nifuatilie halafu nikupigie", na sijawahi kupigiwa hata mara moja. WhatsApp anaisoma, tiki zinakuwa za bluu, kimya.

Katikati ya Desemba nikaenda mwenyewe. Nikamwambia leo siondoki, nionyeshe hiyo oda. Akaandika andika kwenye kompyuta, simu ikaita, akageuka kuipokea na skrini ikabaki imenielekea. Oda ya injini ya gari langu, tarehe 21 Novemba. Barua ya kukubali ni ya tarehe 10 Oktoba! Siku 42, zile wiki sita zenyewe, injini ilikuwa haijaagizwa na mtu yeyote. Ile "iko melini" ya mwanzoni mwa Novemba ilikuwa meli gani? Nilipomuuliza alisema mfumo ulikuwa unasubiri idhini. Nikamuuliza idhini ya nani, akasema ya mfumo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni siku niliyoliona gari lenyewe. Ni mwezi Novemba, mvua za vuli zimenyesha usiku kucha. Naingia uwani nyuma ya karakana, gari halipo ndani. Liko nje chini ya mwarobaini, boneti limeachwa limeegeshwa kwa kijiti, halikufungwa. Pale injini ilipokuwa pana shimo, nyaya zimening'inia, soketi ziko wazi zimejaa maji, na paka amelala juu ya boksi la betri. Majani ya mwarobaini yamejaa humo ndani kama kapu. Tairi mbili zimeshuka upepo. Mlinzi wao, mzee wa Kisukuma mwenye adabu zake, akaja taratibu akasimama pembeni yangu kama tuko msibani. "Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "hili limeshaota mizizi."

Nikatoa simu, nikalinganisha na picha nilizopiga Septemba injini inashushwa. Tabo, ile inayosukumia injini hewa, haipo. Ilikuwa imewekwa kwenye trei pembeni pamoja na vifaa vingine, trei ipo, tabo haipo. Nauliza, naambiwa "iliazimwa" kwa gari la mteja mwingine aliyekuwa na dharura, yangu italetwa mpya. Iliazimwa! Kama jembe la jirani. Na betri imekufa kwa kukaa, nayo naambiwa betri haimo kwenye waranti. Kwa hiyo gari limekaa kwao, betri imefia kwao, kununua ninunue mimi.

Januari 14 injini ikafika. Safari hii ni kweli, nimeigusa, iko ndani ya kreti la mbao na karatasi ya nailoni. Nikasema Alhamdulillah. Fundi yule yule muungwana akanivuta pembeni: injini imekuja bila seti ya gasketi na boliti za hedi. Kwa wasiojua, boliti hizo kwenye injini nyingi za kisasa zinavutika zikikazwa, ukifungua hazirudiwi, na gasketi ndiyo kabisa. Vitu hivyo vinaagizwa kwa oda yake. Aliyeagiza injini hakuagiza gasketi. Kwa hiyo injini ya mamilioni imekaa kwenye kreti inasubiri makaratasi na boliti ambazo ukizikusanya zinaingia kwenye mfuko wa Rambo.

Rejesho la benki ni 1,900,000 kila mwezi, wao hawana habari za pampu ya oili. Bima kubwa nimelipa mwaka mzima kwa gari lililolala. Nakodi kirikuu mara mbili kwa wiki, hakibebi hata nusu ya mzigo wangu, na dereva wake hataki kulala Katoro. Mama wa Nyehunge amehama, sasa anachukulia Geita. Simlaumu.

Sasa hoja yangu yenyewe. Injini kufa inatokea, chuma ni chuma. Usiku mmoja nilikaa nikakisoma kile kijitabu cha waranti neno kwa neno. Mimi nimepewa muda kwa kila kitu: sevisi usizidishe kilomita kadhaa, ukisikia hitilafu toa taarifa mara moja, miaka 3 ikipita kwaheri. Wao wameandikiwa "itatengeneza au kubadilisha", basi. Kwa siku ngapi? Hamna. Na chini kwa herufi za sisimizi, hawahusiki na hasara itokanayo na kukosa gari. Na wakati gari liko uwani kwao waranti yangu inaendelea kuliwa! Itaisha Novemba 2027 vile vile, hata wakinirudishia gari Oktoba 2027. Nimeomba kwa maandishi miezi waliyokaa nayo iongezwe mwishoni. Jibu: "tumepokea maoni yako".

Kingine ambacho hakuna aliyenieleza, nimekiuliza mwenyewe. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ikibadilishwa injini, kadi nayo lazima ibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza, au siku ya ajali bima wakaja kukagua, namba hazifanani na wewe ndiye mwizi. Nataka barua yao yenye namba ya zamani na namba mpya. Kijana wa huduma hakujua naongelea nini. Kwa hiyo magari waliyobadilisha injini kabla yangu yanatembea na kadi gani?

Jamaa yangu mwanasheria anasema nianze na barua ya madai, niipeleke kwa mkono na nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, nitoe siku 14, halafu niende Tume ya Ushindani. Anataja Sheria ya Ushindani ya 2003 na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwamba kitu ulichouziwa lazima kifae kwa kazi uliyokinunulia. Barua nimeshaipeleka Jumatatu. Dada wa mapokezi aliigonga muhuri bila kuisoma, Mungu ambariki.

Naombeni aliyewahi kupita njia hii atuambie. Tume walikusaidia? Ilichukua muda gani? Na kuna aliyefanikiwa kupata gari la muda au kuongezewa waranti? Za "ungenunua used kutoka Japani" zihifadhini.

MREJESHO, saa 1 jioni:

Nimeona majibu, asanteni. Mkuu uliyesema nimwage picha ya namba ya gari, hapana, nataka gari, sitaki kesi. Uliyesema nilichukue nilipeleke gereji za Nyakato, wazo zuri, ila nikiligusa tu kwa spana ya nje waranti inaisha siku hiyo hiyo, na wao ndicho wanachokisubiri. Na wewe uliyeniuliza kwa nini sikununua Noah, sina la kukujibu.

Mchana wa leo simu imeita, namba ya mezani. Meneja mwenyewe, sauti ya upole kweli kweli, hakutaja uzi lakini alijua hadi habari za paka. Gasketi zimefika tangu Ijumaa. Tabo mpya ipo. Wataanza kufunga Jumatatu saa mbili asubuhi na naruhusiwa kuja kushuhudia. Kuhusu kuongeza waranti "tutaongea ukija". Nikashukuru, nikataka kukata simu.

Akasema samahani kaka, jambo moja dogo: Jumatatu ukija, uje na betri.