Sauti inapwelea kabla ya wimbo wa nne: panki ya kasi huimbwaje?

Koo_Kavu
Habari zenu wanamuziki. Ninaimba katika bendi ya watu wanne inayopiga panki (punk, aina ya roki ya kasi na yenye ukali), na nyimbo zetu nyingi zinakwenda kwa mapigo 190 kwa dakika. Nikifanya mazoezi peke yangu chumbani, beti zote ninazimudu bila shida. Nikisimama na wenzangu, ifikapo wimbo wa tatu ninaanza kumeza maneno, kufikia wa nne koo linawasha na sauti imepwelea, na hali hiyo hudumu hadi kesho yake. Nilifundishwa kuvuta pumzi hadi tumbo litanuke, lakini sioni nafasi ya kufanya hivyo ilhali mstari unaofuata unaingia kabla huu haujaisha. Je, mapafu yangu ni dhaifu, au panki ndivyo ilivyo?

Irabu_Fupi
Ndugu Koo_Kavu, sidhani kwamba unaishiwa na pumzi. Nadhani umejaa pumzi kupita kiasi. Mwimbaji wa nyimbo za kasi hunyakua hewa kidogo kila anapopata upenyo, wakati ile ya mwanzo bado haijatoka, na baada ya mistari kadhaa kifua kinakuwa kimebana, mabega yamepanda, na hewa iliyochakaa imekaa ndani bila kazi. Hisia yake inafanana kabisa na ya kuishiwa pumzi, kwa hiyo mtu huzidi kuvuta. Dawa yake ni kutoa: mwishoni mwa kila mistari miwili achia hewa iliyobaki, legeza tumbo, na pumzi mpya itaingia yenyewe kwa muda mfupi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kumeza maneno, piga hesabu kidogo. Kwa mapigo 190, ukiweka silabi mbili katika kila pigo unatamka zaidi ya silabi sita kwa sekunde. Taya haliwezi kufunguka na kufunga kwa kasi hiyo bila kukaza koo. Liache limelegea, karibu halisogei, na kazi yote uiachie ncha ya ulimi na midomo. Ukali wa panki unakaa katika konsonanti: p, t na k zilizopigwa sawasawa husikika kama hasira, hata kama irabu zinazofuata ni fupi na hazina nguvu. Soma beti zako kwa kunong'ona kidogo tu (kunong'ona kwa muda mrefu nako huchosha koo), kwanza kwa mapigo 120, kisha uongeze kumi kumi.

Na usione haya kufuta maneno. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 zinazomalizika chini ya nusu saa, lakini ukiisikiliza vizuri utagundua kwamba zinazokimbia ni gitaa na ngoma. Mwimbaji mara nyingi anavuta irabu kwa utulivu juu yake.

Fundi_Mitambo
Ninakubaliana na hayo ya pumzi, ila naona jibu limo ndani ya swali lenyewe: chumbani unaweza, mbele ya ngoma huwezi. Mapafu ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba hujisikii, na binadamu asipojisikia hupaza sauti bila kujua. Spika ya mwimbaji ielekezwe usoni pako, si magotini, na mpiga gitaa ageuze kikuza sauti chake kisikupulizie mgongoni. Maikrofoni iwe karibu kabisa na midomo. Ukiizungushia kiganja kwenye kichwa chake, kama wengi wapendavyo kwa ajili ya picha, maneno yanafifia na spika zinaanza kupiga mluzi. Ikiwa bado hujisikii, mwambieni mpiga ngoma apunguze nguvu. Najua atanuna.

Irabu_Fupi
Fundi amesema kweli, nami nilipaswa kuanzia hapo.

Koo_Kavu
Nashukuru sana. Spika yetu kwa kweli inaelekea magotini. Je, ule mkwaruzo wa sauti ninaoutia makusudi ninapoimba niuache kabisa?

Mlezi_wa_Koo
Huna haja ya kuuacha, bali uuhamishe. Mkwaruzo unaotokana na kuzisuguanisha nyuzi za sauti kwa nguvu ndio unaokuunguza. Wanaoimba hivyo kwa miaka mingi kwa kawaida huweka noti safi kama msingi, kwa sauti ya wastani, kisha huongeza mtikisiko katika mikunjo iliyo juu ya nyuzi hizo, na hewa wanayotumia ni ndogo kuliko inavyosikika. Ni vigumu kujifunza hilo kwa maandishi, kwa hiyo tafuta mwalimu akusikilize. Kwa sasa weka mkwaruzo kwenye neno moja au mawili ya kiitikio, na mengine yaitikiwe na wenzako kwa pamoja.

Kabla ya kupanda jukwaani, vumisha sauti kupitia mrija mwembamba kwa dakika tano, ukipanda na kushuka polepole, na ufanye hivyo tena baada ya kushuka. Maji uyanywe saa kadhaa kabla, kwa sababu yale unayokunywa kati ya nyimbo hulowesha kinywa tu na hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Kuwasha ni ishara ya kusimama siku hiyohiyo. Sauti ikibaki imepwelea kwa zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zenyewe.