Naomba ushauri: kipindi cha kutambua habari za uongo, redio jamii Pemba

Kipwa: Assalaam alaykum. Najitolea redio jamii moja huku Pemba. Nimepewa nusu saa kila wiki niwafundishe wasikilizaji kutambua habari za uongo. Vijana wanasambaza sauti za WhatsApp, wazee wanazimeza kama zilivyo. Nianzie wapi? Kipindi cha kwanza Jumamosi, na usingizi hauji.

FundiMita: Waalaykumu salaam. Usihutubie. Chukua sauti moja iliyozagaa, sema kwanza kuwa si kweli, ndipo uicheze, sekunde 15 tu. Ukiicheza yote ukanushe mwishoni, aliyezima redio katikati kaondoka na uongo, tena kaupata kwenu. Kisha waeleze ulivyoikagua: nani kasema, lini, ulimpigia nani. Wafundishe ile mishale miwili juu ya ujumbe: umeshapita mazungumzo 5 au zaidi. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha aliyekutumia siye aliyeutunga.

BiMwanakheri: Dakika 8 za kisa, 12 za simu za wasikilizaji, zinazobaki za kujibu. Unda vikundi vya kusikiliza, watu 10 hadi 15, na shehia ambazo mawimbi hayafiki uwapelekee kipindi kwenye memori kadi. Wanawake wawe na kikundi chao, mwanangu. Mbele ya waume zao wengi hawatosema kitu.

Yakhe_Wete: Mwaka 1995 popobawa, lile jini la uvumi, alitoka Pemba akafika Unguja bila ya bando. Mnaionea WhatsApp.

Mshakushaku: Kipwa, sauti ipi hasa iliyowashitua hapo redioni?

Kipwa: Ya karafuu, mwezi wa nne. Ati ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, litashusha bei kuanzia Jumatatu. Watu wakakimbilia kwa walanguzi.

Mshakushaku: Na waliisikia wapi?

Kipwa: Kwetu. Niliisoma mie, taarifa ya saa 1 usiku. Ilikuja kwenye grupu la kazi, kaituma mtu mzima, nikaona haina shaka. Lakini hatukuirudia tena, na hiki kipindi ndiyo masahihisho yenyewe. Tangazo lake nimesharekodi: "Jihadharini na vijana wa mitandaoni." Nikikiri hewani, nani atatuamini?

FundiMita: Lifute hilo tangazo leo. Sahihisho linasomwa saa ile ile, na msomaji yule yule, siku 3 mfululizo. Anza na bei ya kweli. Halafu mlichokosea na tarehe yake, halafu mmethibitisha kwa nani: kituo gani cha ununuzi cha ZSTC, na cheo cha aliyejibu. Halafu samahani. Sekunde 40 zinatosha. Usiseme "ilitokea hitilafu", hitilafu ni ya umeme. Liandikwe kwenye daftari la matangazo na rekodi ihifadhiwe. Tume ya Utangazaji ikiuliza, mna cha kuonyesha.

BiMwanakheri: Aliyeuza kwa hasara ana haki yake hapo. Dhulma haifutwi kwa kunyamaza.

Yakhe_Wete: Walanguzi wakuletee zawadi, yakhe.

Dau_Bovu: Jamani, mie naona tunatungiwa hadithi. Mwezi wa nne ni masika, nani Pemba ana karafuu jamvini? Akaunti ina siku mbili, redio haina jina. Kama ni somo la kukagua, tuanze na huyu.

Kipwa: Jamvini nimesema mie? Karafuu kavu huwekwa ndani, guniani, ndiyo benki ya mtu. Mtoto akitaka sare ya skuli zinatolewa kilo mbili tatu. Hizo ndizo zilizouzwa. Jina la redio sitaji.

Mshakushaku: La gunia kweli. Karafuu iliyokauka sawasawa, ukiikunja inavunjika kwa mlio, inakaa muda mrefu. Dau, hapo umeteleza.

Dau_Bovu: Basi atuwekee hapa sekunde 10 za taarifa hiyo.

FundiMita: Asithubutu! Itakatwa, isambae upya bila ya sahihisho, na safari hii ina sauti ya redio. Uzushi unapata muhuri.

Dau_Bovu: Sawa. Lakini bado siamini.

Kipwa: Meneja kakubali sahihisho, ila anataka lisomwe saa 5 asubuhi.

BiMwanakheri: Saa 5 watu wako shamba na pwani! Kama ya saa 1 kaikataa, liwekeni kabla tu ya matangazo ya vifo. Hapo kila nyumba hupandisha sauti.

Kipwa: Matangazo ya vifo nasoma mie.

FundiMita: Bora zaidi.