Leinster waliongoza 17-0 wakiwa kwao Dublin, ilikuwaje La Rochelle wakabeba kombe?

mtu_wa_sakina

Wakuu habari za jioni. Mimi raga nimeanza kuifuatilia mwaka huu tu, kuna jamaa wa kazini alinipeleka kuangalia watu wakifanya mazoezi hapa Arusha nikanogewa, sasa kila usiku nikishakula natafuta mechi za zamani naangalia.

Jana nimeangalia fainali ya Kombe la Mabingwa Ulaya ya tarehe 20 Mei 2023, Leinster ya Ireland na La Rochelle ya Ufaransa, uwanja wa Aviva. Yani Leinster wako mjini kwao kabisa. Dakika moja haijaisha Dan Sheehan kashaweka trai, muda kidogo Jimmy O'Brien naye kaweka, dakika ya 12 Sheehan tena, 17-0. Nikasema hapa hakuna mechi tena, nikanyanyuka nikaenda kuchemsha chai. Kumbe ndio kwanza ilikuwa inaanza, mwisho wa yote 27-26 La Rochelle mabingwa.

Kipindi cha pili nimekirudia mara mbili na bado sijaelewa Leinster walipoteza wapi. Sioni kosa moja kubwa la kusema hili hapa ndio limewamaliza. Walichoka? Walidharau? Au refa? Na nimeona 2022 pia fainali walifungwa na hawa hawa. Mwenye kujua anieleweshe taratibu, nataka kuelewa kweli.

---

raga_ngong_road

Karibu sana kwa raga ndugu yangu, na umeanza na mechi nzuri, mimi hiyo nimeiona mara nyingi na bado ikifika dakika ya 70 moyo unanidunda.

Kwanza toa hesabu za soka kichwani. Trai, yani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, ni pointi 5, mkwaju wa nyongeza baada yake 2, penalti 3. Kwa hiyo 17 ni trai mbili na nyongeza zake na penalti moja, unarudisha. Na ilikuwa dakika ya 12 tu, kuna 68 bado. Kwa soka 3-0 ni mlima, kwa raga 17-0 mapema hivyo ni kilima, kinachoumiza lakini kinapandika.

Sasa kosa moja hulioni kwa sababu halipo. Angalia tena ila safari hii usifuate mpira, angalia mahali mchezaji ameangushwa na watu wanarundikana juu ya mpira, hapo panaitwa raki. Leinster uchezaji wao wote unategemea mpira kutoka kwa raki haraka haraka, Jamison Gibson-Park anaufikia, anautoa kabla safu ya wapinzani haijajipanga, anayeupokea anakuta mwanya. Dakika 12 za kwanza mpira ulikuwa unatoka hivyo, La Rochelle walikuwa wanarudi nyuma tu hawajui washike nani.

Baadaye La Rochelle wakaanza kuukalia huo mpira. Levani Botia yule wa Fiji, nahodha Grégory Alldritt, Jonathan Danty, hawa watu wakiinama juu ya mpira kuwang'oa ni kazi ya watu watatu. Na si lazima wauibe. Ukichelewesha tu kidogo kila raki ukuta wako unakuwa umeshajipanga, na mchezaji wa Leinster akipokea anagongana na Will Skelton ambaye ana zaidi ya mita 2 na kilo kama 140, au Uini Atonio ambaye pia ni mlima wa mtu. Fanya hivyo raki moja, kumi, hamsini. Kuna vile mwili wa binadamu unafika mahali unakataa. Wao wakishika mpira nao wanampa Skelton aende moja kwa moja, anahitaji watu wawili kumwangusha, hao wawili wanachelewa kuinuka, upande wa pili panabaki wazi.

Danty akaweka trai, UJ Seuteni akaweka, mapumziko 23-14. Ukiona 23-14 unadhani Leinster wako sawa, lakini kutoka ile 17-0 ni 14-6 kwa upande wa La Rochelle. Kipindi cha pili kizima Leinster walipata pointi 3, La Rochelle 13. Tatu tu, nyumbani, kwa dakika 40. Hapo ndio mechi ilienda.

---

mama_prop

Raga_ngong_road umesema vizuri yote ila umeruka kitu, na ni kitu changu kwa hivyo lazima niseme. Benchi.

Mimi nacheza propu, namba 3, upande wa kulia wa skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana. Hiyo namba inakumaliza shingo, mgongo na pumzi, na ndio maana propu huwa hamalizi dakika 80. Kwa hivyo swali kila wakati ni nani anaingia baada ya yule wa kwanza. La Rochelle walimtoa Atonio wakamwingiza Georges-Henri Colombe, jitu lingine la saizi ile ile, likiwa na miguu mipya. Fikiria umesukumana na Atonio karibu saa nzima, unamwona anatoka, unashukuru Mungu, halafu unaona anayekuja.

Na ni huyo huyo Colombe dakika ya 72 aliyejipenyeza akaweka trai kutoka karibu na mstari, Antoine Hastoy akapiga nyongeza, 27-26, mara ya kwanza La Rochelle kuongoza siku hiyo nzima. Bado dakika nane. Leinster wakarudi mpaka karibu kabisa na mstari wa La Rochelle, raki baada ya raki, wanataka hata penalti moja tu wapate 3. La Rochelle nao wanakaba bila kufanya makosa, na kukaba hapo bila kufanya makosa dakika ya 78 ukiwa huna pumzi, watu hawajui ni kitu kigumu namna gani. Halafu Michael Ala'alatoa, ambaye yeye ni propu wa akiba wa Leinster, akaja kuwaondoa watu kwenye raki kwa bega, akamgonga Colombe kichwani. Kadi nyekundu, penalti kwa La Rochelle, ikaisha hapo.

Kwa hiyo @mtu_wa_sakina uliuliza kama ni refa. Hapana. Jaco Peyper alitoa kadi ambayo mtu yeyote anayejali vichwa vya wachezaji angetoa. Mimi namhurumia Ala'alatoa sana, aliona mechi inaponyoka akaenda na mwili wote, nimeshakuwa mahali hapo karibu na mstari na najua kichwa kinavyofanya kazi dakika hizo. Lakini kadi ilikuwa sahihi.

---

mtu_wa_sakina

Dada nashukuru sana, sasa naanza kuona. Kwahiyo wachezaji wawili wa akiba wa nafasi moja, huyu wa La Rochelle kaweka trai ya ushindi na huyu wa Leinster kapewa nyekundu kwa kumgonga huyo huyo. Sikuwa nimeunganisha kabisa, nilikuwa naona majitu tu.

Swali la pili, mbona makamera yalikuwa yanamwonyesha sana kocha wa La Rochelle? Anaitwa O'Gara, hilo si jina la Kifaransa.

---

kaka_wa_dublin

Hapo umegusa penyewe. Mimi naishi Dublin na siku ile nilikuwa uwanjani, ngoja nikwambie.

Ronan O'Gara ni mtu wa Cork, alichezea Munster maisha yake yote ya uchezaji, akabeba nao kombe hili hili 2006 na 2008. Na Munster na Leinster ni kama Simba na Yanga, hakuna njia nyingine ya kukueleza. Mwaka 2009 walikutana nusu fainali Croke Park mbele ya watu zaidi ya 82,000, Leinster wakashinda 25-6, na kuna picha ya siku ile kila mtu hapa anaijua, Johnny Sexton wa Leinster, kijana bado, kasimama juu ya O'Gara aliyeko chini anampigia kelele usoni. Leinster wakaenda wakabeba kombe lao la kwanza, wakaongeza 2011, 2012 na 2018. Nyota nne kwenye jezi. Tangu hapo wakawa wanaisaka ya tano.

Kilichofuata ndio kinashangaza watu. O'Gara alipostaafu alienda Racing 92 Paris kuwa kocha, na Sexton naye akasajiliwa kule kule, wakafanya kazi pamoja wakawa marafiki. Baadaye O'Gara akafika La Rochelle. Msaidizi wake upande wa mafowadi, yani wale wachezaji wa mbele wa skramu, Donnacha Ryan, naye wa Munster. Yani ile klabu ya Ufaransa ilikuwa inafundishwa na watu waliokua wakiwaza namna ya kuifunga Leinster tangu utotoni.

Nilishuka treni Lansdowne Road, kituo kiko pale pale uwanjani, njano na nyeusi ilikuwa kila kona na wale Wafaransa wanaimba utadhani wako bandarini kwao. La Rochelle ni mji mdogo wa pwani, uwanja wao hauingizi hata nusu ya Aviva, na klabu ilirudi ligi kuu ya Ufaransa 2014 tu. Nilikaa na jamaa wa Leinster, mzee mmoja na binti yake. Ile 17-0 mzee alikuwa anapiga makofi kama mtoto. Kuanzia mapumziko akanyamaza. Trai ya Colombe ilipoingia hakusema neno, alimshika tu binti yake mkono, na walibaki wamekaa hivyo mpaka uwanja umekaribia kuwa mtupu. Mimi si shabiki wa Leinster ila siku ile niliumia nao.

Sexton mwenyewe hakucheza, alikuwa majeruhi. Baada ya filimbi akaenda kumfuata refa Peyper kwa maneno, na baadaye akafungiwa mechi 3. Ulikuwa msimu wake wa mwisho na klabu, na akaishia hivyo, na mimi hiyo sehemu inaniuma zaidi ya matokeo maana yule ni mmoja wa wachezaji bora ambao Ireland imewahi kupata.

---

raga_ngong_road

Niongeze la 2022 kwa sababu uliuliza halafu tukalisahau. Hiyo ilichezwa Marseille, 24-21. Leinster hawakuweka trai hata moja, penalti 7 tu ndio zikawapa 21. La Rochelle waliweka trai tatu, Raymond Rhule, Pierre Bourgarit, na ya mwisho dakika ya 79 Arthur Retière, baada ya kusukuma pale mstarini muda mrefu mpaka unashindwa kupumua na wewe uko kwa kiti. Ndio kombe la kwanza kubwa katika historia ya klabu, na ni klabu ya tangu 1898.

Na kama unataka kujua Skelton ni nani kwa Leinster, angalia 2019 pia. Fainali Newcastle, Saracens 20 Leinster 10. Skelton alikuwa Saracens wakati huo. Fainali tatu, klabu mbili tofauti, mtu yule yule.

---

bahari_na_nchi_kavu

Samahani naingia kwa kuchelewa. Mimi hii habari ya uzito siikatai ila naona mnawaonea Leinster mkisema waliishiwa nguvu tu. Mwanzoni walipofika karibu walikuwa wanaenda kutafuta trai, baadaye wakaanza kuchukua penalti, tatu, tatu. Ukiwa mbele unaona ni busara. Lakini kwa timu kama La Rochelle kila ukichukua 3 unawapa pumzi, wanarudi katikati wanapanga kikosi, wale wanene wanapumzika. Mimi ningekuwa nahodha ningeendelea kukimbiza mpira wale akina Atonio wasipate hata nusu dakika ya kusimama.

---

mama_prop

@bahari_na_nchi_kavu hapo kwa kupumzika una hoja, kweli kabisa kila mpira ukienda kupigwa mlingoti mimi binafsi nashukuru. Ila kukimbiza mpira unahitaji kwanza uutoe kwa raki, na hapo tunarudi kwa Botia. Usingeutoa.

---

bahari_na_nchi_kavu

Walau wangejaribu dada. Fainali ya 26-27, penalti moja au trai moja kila kitu kinabadilika.

---

kaka_wa_dublin

Na walijifunza. Desemba 2023 walienda La Rochelle kwenyewe wakashinda 16-9, halafu Aprili 2024 robo fainali hapa Aviva wakawapiga 40-13. Niliona sura za watu siku hiyo, kuna mzigo ulikuwa umetoka. Kocha Jacques Nienaber alikuwa ameshafika kutoka Afrika Kusini na ukabaji wote ukabadilika, safu inapanda mbele kwa kasi inamfikia yule mnene kabla hajaanza kuchanganya miguu. Ila nyota ya tano hawakuipata, fainali ya 2024 London wakafungwa na Toulouse 31-22 katika muda wa nyongeza. Fainali tatu mfululizo.

---

mtu_wa_sakina

Jamani asanteni sana, nimejifunza leo kuliko mwezi mzima. Nairudia kesho na nitaangalia raki tu kama kaka alivyosema. Baada ya hapo niangalie ipi?

---

raga_ngong_road

Fainali ya Top 14, ligi kuu ya Ufaransa, Juni 2023, wiki nne tu baada ya hiyo ya Dublin. La Rochelle hawa hawa na Toulouse pale Stade de France. Wanaongoza, dakika chache zimebaki, wanahitaji tu kukaba, halafu Romain Ntamack anapokea mpira mbali kabisa na mstari anaanza kukimbia. 29-26. Chai chemsha mapema.