MREJESHO: Gari ya 2002, tumeamua kubaki nayo kwanza

Wakuu, niliuliza kama niiuze gari yetu ya familia ya 2002 au niendelee kuitengeneza. Asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda za injini) kabla ya kuhangaika na bei: silinda zote ziko vizuri, na chasisi haina kutu. Nikabadilisha shokapu, bushi na rejeta. Sasa haichemshi hata mlima Kitonga. Kusafisha nozeli (zinazopulizia mafuta kwenye injini) hakukusaidia, mafuta inakunywa vilevile. Kuagiza gari nyingine kutoka nje nimeahirisha, maana zinazofaa mfuko wangu zimezidi miaka 8, na ushuru wa uchakavu (unaotozwa magari ya zamani) unanimaliza. Mama watoto bado hajaridhika, anataka tubadilishe. Giaboksi ikianza kuteleza, naiuza siku hiyohiyo.