Mliobatizwa mkiwa watu wazima, tupeane uzoefu wa mafundisho na siku yenyewe

Ngalawa ya Jirani
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 34, nimekulia nyumba ambayo dini ilikuwa jambo la bibi tu. Mwaka jana nikaanza mafundisho parokiani, na Mkesha wa Pasaka huu nabatizwa Mungu akipenda. Leo katekista kanisimamisha mbele ya darasa niseme Nasadiki, ile sala ya kukiri imani. Nikafika "akasulubiwa, akafa, akazikwa", nikakwama. Nje walikuwepo watoto wa komunyo ya kwanza wanasubiri chumba, wakanimalizia dirishani kwa sauti moja. Nimerudi nyumbani kwa miguu, hata bodaboda sikutaka anione usoni. Mliopita huku mwageni uzoefu: maswali, jina, msimamizi wa ubatizo, nguo, chochote.

Mpiga Filimbi
Hapo inafuata "akashukia kuzimu". Wengi wanakwama hapo hapo mkuu. Mimi nilikaa kuzimu wiki tatu.

Mwana wa Baridi
Umenikumbusha mbali. Mimi nilibatizwa kwa maji mengi, Njombe, mwezi wa sita, 2011. Anayeijua Njombe mwezi wa sita hahitaji maelezo zaidi. Mchungaji alipanga saa moja asubuhi ili tuwahi ibada. Kijito tulikiziba tangu Ijumaa kwa magogo na viroba vya mchanga mpaka maji yakafika kiunoni. Tulikuwa 19, mimi wa 17. Unasimama foleni na kanzu nyepesi, meno yanagongana, unawasikia waliokutangulia wanavyoibuka wakitoa sauti ambazo kwaya haijawahi kuwafundisha.

Zamu yangu ikafika. Naingia tu, kanzu ikajaa hewa, ikapanda mpaka kifuani kama mwavuli. Ndani nina boksa peke yake, na akina mama wote wako ukingoni wanaimba. Mchungaji mfupi, mimi futi sita. Kanishika, kaanza "kwa jina la Baba", kabla hajafika kwa Mwana nikateleza kwenye jiwe, nikazama naye. Tunaibuka wote wawili, mzee wa kanisa anauliza kutoka ukingoni: "Sasa huyu amebatizwa au ameanguka?" Ikabidi nirudie.

Ushauri wangu: vaa kaptura nzito ndani, shona vijiwe kwenye pindo la kanzu, kunja magoti usikaze mgongo, na pua zibe mwenyewe.

Mama wa Watatu
Kanzu kupanda ni kweli kabisa. Sisi tulishonewa sarafu za shilingi mia pindoni.

Nyundo
Na huo ndio ubatizo. Hawa wa kumwagiwa kikombe kichwani wameoshwa nywele tu. Halafu hayo mafundisho ya mwaka na miaka yametoka wapi? Towashi wa Kushi, Matendo 8, kaona maji njiani, kauliza nini kinamzuia, kabatizwa siku hiyo hiyo.

Frateri Mstaafu
Towashi alikuwa anatoka Yerusalemu kuabudu, na ndani ya gari anasoma Isaya. Wewe siku ile ulikuwa unasoma nini?

Nyundo
Nilikuwa nasoma alama za nyakati. Nijibu hili: kichanga anaamini nini?

Frateri Mstaafu
Mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa usiku ule ule na watu wake wote. Nyumba nzima haina mtoto hata mmoja?

Nyundo
Andiko limemtaja mtoto? Weka hapa tumwone.

Mpiga Filimbi
Fungueni uzi wenu jamani. Mwenzenu ana mtihani.

Binti Sengerema
Sijawahi kuandika hii mahali. Ngoja niitoe tu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na wake wawili. Bibi mkubwa alibatizwa tangu usichana wake. Babu alipoomba mafundisho akaambiwa abaki na mke mmoja kwanza. Akajibu, "Huyu mdogo nimrudishe kwa nani? Ana watoto watano." Ikaishia hapo. Lakini kanisani hakuacha kwenda. Miaka 26 alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, wenzake wakipanga foleni ya komunyo yeye anawashikia kofia. Kijijini walimwita katekumeni wa kudumu, yaani mwanafunzi wa ubatizo asiyemaliza. Maswali ya katekisimu aliyajua yote, sisi wajukuu alitufundisha yeye wakati anachambua pamba.

Mwaka 2009, mimi niko kidato cha tatu, nimekuja likizo, babu akashikwa na homa kali. Siku ya tatu akawa haongei ila kwa kuvutavuta. Mvua imekata barabara, parokia iko mbali, katekista wetu kaenda msibani. Saa nane usiku bibi mkubwa akaniamsha. "Wewe si unasoma kwa masista? Njoo umbatize babu yako."

Nilitetemeka. Nilikumbuka kipindi cha dini tuliambiwa mtu yeyote anaweza kubatiza mtu akiwa hatarini kufa. Nikachota maji mtungini kwa kikombe chake cha bati, kile chenye kutu mkononi. Nikamuuliza, "Babu, unataka kubatizwa?" Akafungua jicho moja. "Nimesema tangu baba yako hajaoa." Nikamuuliza jina. Akasema Simeoni, bila kufikiri. Kumbe alilichagua zamani. Nikamwaga mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mara ya tatu maji yakamwingia sikioni, akasema, "Sikio." Basi. Akalala. Bibi mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kibatari, hakusema neno.

Tukakaa tunasubiri.

Asubuhi babu akaomba uji.

Mpiga Filimbi
AKAOMBA UJI 😂😂😂

Mwana wa Baridi
Mimi na kijito changu tumeshafunikwa. Endelea dada, ikawaje?

Kipanga wa Kata
Ngoja kwanza. Kwa hiyo mzee kapona, kabatizwa, na wake bado wawili??

Binti Sengerema
Wawili. Jumapili iliyofuata kavaa koti, kapita benchi lake la mwisho kama halijui, kaenda kukaa la mbele. Kanisa zima likageuka kuniangalia mimi.

Padre alipokuja kigangoni akaniita sakristia, kile chumba anachovalia. Sijawahi kuhojiwa vile hata na mwalimu wa nidhamu. Maji yalikuwa maji, au chai? Yalitiririka kichwani au nililowesha kidole? Nilisema maneno gani, yarudie. Nilisema wakati namwaga, au kabla? Nikarudia huku nalia. Akakaa kimya, halafu akasema, "Amebatizwa. Harudiwi." Siku nyingine akamkamilishia yaliyobaki: mafuta, kitambaa cheupe, mshumaa. Akaandikwa daftarini. Ila komunyo akamwambia, mzee, hapo bado.

Nyundo
Mnaona? Mtu na wake wawili anaitwa mbatizwa. Aliahidi kushika amri au hakuahidi?

Frateri Mstaafu
Sheria ya Kanisa inamtaka mtu mzima aliye hatarini kufa ajue kweli kuu za imani, aonyeshe nia, na aahidi kuzishika amri. Mbili za kwanza mzee alikuwa nazo kuliko mimi na wewe. Ya tatu nakubali ina ukakasi. Lakini maji na maneno yakishapita na nia ipo, ubatizo umekuwepo. Haufutiki, ndiyo maana harudiwi.

Na binti asijione kafanya ajabu. Mei 1886 pale Munyonyo, Uganda, usiku wa kuamkia kupelekwa Namugongo kuuawa, shahidi Karoli Lwanga aliwabatiza vijana wenzake, Kizito akiwa mmojawapo. Lwanga hakuwa padre. Wamisionari wenyewe walikuwa wanataka ukatekumeni wa miaka minne.

Kipanga wa Kata
Hao walikuwa wanakwenda kuchomwa moto, Frateri. Huyu alikuwa anakwenda kunywa uji.

Mama wa Watatu
Mnamjadili babu tu. Bibi mdogo je?

Binti Sengerema
Asante kwa kumuuliza. Bibi mkubwa alifariki 2014. Baada ya arobaini kupita, babu akafunga ndoa kanisani na bibi mdogo, wote wazee, babu anashikiliwa. Bibi mdogo alilia pale mbele mpaka padre akasimama kumsubiri. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni furaha. Mimi nilikaa naye usiku ule jikoni. Aliniambia, "Mwenzangu ndiye aliyekutuma ule usiku. Mimi nilikuwa naogopa akibatizwa nitafukuzwa."

Mama wa Watatu
Dah.

Mwana wa Baridi
Nimefunga simu nimefungua tena.

Dalali Mwaminifu
Turudi kwa mleta mada. Msimamizi usimchague kwa kuangalia mfuko. Wangu alinipa saa ya ukutani siku ya ubatizo, hatujaonana tena. Na asiwe mchumba wako, mtakatazwa kuoana.

Frateri Mstaafu
Hicho kizuizi kiliondolewa katika sheria za Kanisa za 1983. Awe amepata kipaimara, ametimiza miaka 16, asiwe baba wala mama yako. Ila mchumba hata mimi sishauri, mkigombana nani atakukumbusha ahadi zako?

Kipanga wa Kata
Hati ya ubatizo ipige picha siku hiyo hiyo, na namba yake iandike pembeni. Mimi wakati wa kuoa parokia ilitaka hati mpya, isiyozidi miezi sita, kwa sababu ndoa huwa inaandikwa kwenye daftari la ubatizo na wao wanahakiki kama hujaoa kwingine. Nimefika nilikobatizwa, jina limeandikwa Erasto badala ya Erasmi. Harusi ilisogezwa wiki tano, ukumbi nilishalipia.

Dalali Mwaminifu
Jina fupi basi. Chagua Petro, hakuna wa kulikosea.

Mama wa Watatu
Usinywe maji mengi jioni ile. Mkesha ni mrefu, masomo ya Agano la Kale yanaweza kufika saba, na wewe uko mbele huwezi kuchomoka.

Mwana wa Baridi
Kunywa tu, utakauka koo. Na pindo la kanzu usisahau mawe.

Frateri Mstaafu
Anamwagiwa kichwani, mawe ya nini?

Mwana wa Baridi
Upepo.

Ngalawa ya Jirani
Nimesoma yote, ya babu nimemsomea na mama. Katuliza televisheni, kaniambia nirudie pale kwenye sikio. Kesho jioni narudishwa mbele kusema Nasadiki.

Mpiga Filimbi
Haya tukusikie. Akasulubiwa, akafa, akazikwa...

Ngalawa ya Jirani
akashukia kuzimu, siku ya tatu akafufuka katika wafu; akapaa mbinguni, amekaa kuume kwa Mungu Baba Mwenyezi, toka huko atakuja kuwahukumu wazima na wafu.

Mama wa Watatu
Umenakili wewe. Hakuna mtu anayeweka nukta mkato kwenye simu.