MJADALA: Dar es Salaam ni jiji janja, au ujanja wake ni wa kukusanya pesa tu?

Mkaazi wa Sinza:
Wakuu, salaam. Kila mfumo mpya ukizinduliwa Dar tunaambiwa tayari tumekuwa jiji janja, yaani "smart city", jiji linaloendesha huduma kwa teknolojia. Msimamo wangu: kwenye kupokea pesa jiji hili limeiva, kwenye kutoa huduma bado bichi kabisa.

Chukua kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba ya kawaida ilianza na sh 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi sh 1,500. Hakuna foleni wala karani, na kukwepa hukwepi: unanunua umeme, uniti zinakuja pungufu, kodi imeshaondoka. Mpangaji wa chumba kimoja Tandale naye anakatwa, ati akamdai mwenye nyumba. Ubavu huo anao nani?

Sasa njoo kwenye mwendokasi, mabasi yenye njia yake maalumu. Ilianza Mei 2016, kilomita kama 21, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Kila tiketi inayouzwa asubuhi pale Kimara inahesabika, kwa hiyo nyomi inajulikana kabla haijafika. Lakini watu wanasimama, basi linapita limejaa, lingine halijulikani lini. Shilingi ya nauli inafuatiliwa mpaka ya mwisho, abiria hana wa kumfuatilia. Nipingeni.

Mama Ubungo:
Nakupinga, kaka. Umesahau tulikotoka. Kabla ya kumbukumbu namba (control number, namba ya kulipia serikali kwa simu au benki) kuanza mwaka 2017, kulipia kitu cha serikali ilikuwa shughuli ya kutwa: benki, karatasi ya malipo, urudi nayo ofisini, uombe Mungu risiti isiwe feki. Leo nalipa nikiwa jikoni. Muda wangu nao ni huduma, usiudharau.

Halafu ujanja wa jiji hauanzi serikalini tu. Tangu 2015 kuna Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishuka mitaani na wenyeji, simu mkononi, wakachora vichochoro, mitaro na sehemu zinazojaa maji. Mtaa ambao kwenye ramani ulikuwa doa jeupe ukapata njia.

Mkaazi wa Sinza:
Dada, hapo umenibebea hoja. Ramani ipo, haya, tushuke Jangwani. Karakana ya mwendokasi ilijengwa ndani ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo hata mtoto wa Magomeni anajua mto ukikasirika unapita. Mvua ikikaza, Barabara ya Morogoro inafungwa pale na safari zinasitishwa. Mpaka 2022 ndipo Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo: daraja jipya lililoinuliwa, karakana ihamishwe, watu wa bondeni walipwe wahame. Taarifa hazikukosekana. Aliyekosekana ni wa kuzisoma kabla ya kumwaga zege.

Boda wa Mbezi:
Nyie mnaongelea makubwa. Mwaka 2022 nyumba zimebandikwa namba, mitaa imepewa majina, safi sana. Mteja ananitumia anwani kamili, nafika, napiga simu.
"Karibu na nini, bosi?"
"Ukifika kwa Mangi, kata kushoto, geti la kijani."
Mageti ya kijani matatu 😂

Mama Ubungo:
Hahaa! Ila hilo ni letu wenyewe, boda. Namba ipo ukutani, sisi tunasema "kwa Mangi". Usilitwishe jiji.

Mkaazi wa Sinza:
Nakubali hilo moja. Lakini kipimo changu sikibadilishi. Kuna taasisi ya Uswisi, IMD, inayopanga miji janja duniani, Nairobi imo. Haihesabu mifumo iliyozinduliwa. Inawauliza wakaazi kama 120 wa kila mji: foleni ni kero? huduma za kurejeleza taka zinaridhisha? ratiba na tiketi za mtandaoni zimekurahisishia usafiri wa umma? Wakiulizwa 120 wa kituo cha Kimara saa moja asubuhi, mnadhani tutapata ngapi?

Wa Mbagala, Kigogo na Gongo la Mboto hamjasema kitu. Mvua ikianza usiku, habari ya njia kufungwa mnaipata wapi kwanza? Mimi naipata kwenye kundi la WhatsApp la kondakta mmoja wa daladala.